Marekani na Iran: Hesabu Inaanzia Mwaka Gani?

Mjini Tabriz, kaskazini magharibi mwa Iran, lipo kaburi la Mmarekani ambaye Wairani walimlilia kama mtoto wao. Howard Baskerville alikuwa mwalimu katika shule ya wamisionari, kijana wa miaka 24. Mwaka 1909 mji huo ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Mohammad Ali Shah, mfalme wa wakati huo aliyetaka kuizika katiba na bunge. Watu walikuwa wanakufa njaa. Baskerville akaweka chini vitabu, akawakusanya vijana, wengine wanafunzi wake mwenyewe, akawaongoza kwenda kuuvunja mzingiro. Konseli wa nchi yake alimtaka ajitoe, akakataa. Aprili mwaka huo alipigwa risasi akafa.

Namtanguliza makusudi. Kila Marekani na Iran zinapokunjiana ngumi, mazungumzo ya barazani kwetu huangukia palepale. Mmoja atasema hivi ni vita vya Msalaba vilivyobadilisha nguo tu, Ukristo na Uislamu. Mwingine atasema Wairani ni watu wa kuchoma bendera, chuki wamezaliwa nayo. Kaburi la Tabriz linawakatalia wote wawili. Kwa zaidi ya miaka 40 baada ya Baskerville, Mmarekani alikuwa mgeni anayekaribishwa Iran. Waliochukiwa walikuwa Mwingereza na Mrusi, waliokuwa wakiigawana nchi kana kwamba haina wenyewe. Dini za watu zilikuwa hizihizi za leo. Basi lazima kuna kilichotokea katikati, na ubishi wote unategemea unaanza kuhesabu mwaka gani. Mmarekani wa kawaida huanzia 1979. Mwirani huanzia 1953.

Tuanze na mafuta, maana bila hayo 1953 haieleweki. Mwaka 1901 mfalme wa Uajemi, jina la zamani la Iran, alimpa mfanyabiashara William Knox D'Arcy haki ya kuchimba kwa miaka 60, naye akaahidi kuipa nchi asilimia 16 ya faida. Mafuta yalipatikana 1908, na kufikia 1914 serikali ya Uingereza ilishakuwa mwenye hisa nyingi katika kampuni iliyoyachimba. Kule Abadan, penye mtambo mkubwa wa kusafishia mafuta, Waingereza walikuwa na bustani na mabwawa ya kuogelea, na vibarua wa Kiirani walilala kwenye vibanda vya mtaa uliokuja kuitwa Kaghazabad, mji wa makaratasi. Mwishoni mwa 1950 kampuni za Kimarekani zilikubali kugawana faida nusu kwa nusu na Saudi Arabia, ng'ambo tu ya Ghuba. Wairani waliliona hilo kwa macho yao. Waingereza walipokubali kulizungumzia, maji yalikuwa yameshamwagika.

Machi 1951 bunge likataifisha mafuta, na mwezi uliofuata Mohammad Mossadegh akawa waziri mkuu. Mzee huyu hakuwa sheikh wala mkomunisti. Alikuwa mwanasheria wa ukoo wa kifalme, aliyesomea Uswisi. Oktoba 1951 alikwenda Marekani akapokewa na Rais Truman, tena alifika Philadelphia kwenye jumba lilikotangaziwa uhuru wa Wamarekani. Alidhani watamwelewa. Hapa ndipo historia hii inaponiuma zaidi, kwa sababu dhana yake haikuwa ya kipumbavu. Truman mwenyewe aliwaona Waingereza kuwa wakaidi.

Januari 1953 Eisenhower aliingia madarakani, na hesabu ikabadilika. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa kushirikiana na majasusi wa Uingereza wakapanga kumwangusha Mossadegh. Usiku wa Agosti 15 jaribio lilikwama: ofisa aliyempelekea hati ya Shah ya kumfukuza kazi alikamatwa mwenyewe, na Shah, sasa Mohammad Reza Pahlavi, akakimbilia Baghdad, kisha Roma. Kermit Roosevelt wa CIA, mjukuu wa Rais Theodore Roosevelt, hakuondoka Tehran. Siku nne baadaye makundi ya watu, mengine yamelipwa, yaliingia mitaani, vifaru vikaizunguka nyumba ya waziri mkuu, na Shah akarudi kwa ndege. Mwaka 1954 mafuta ya Iran yaligawanywa upya, kampuni za Kimarekani zikapata asilimia 40. Mwaka 1957 likaundwa shirika la ujasusi SAVAK, kwa msaada wa Marekani, ambalo jina lake liliwatia watu homa kwa miaka 20.

Wanaoitetea Marekani wana hoja, na si haki kuipita haraka. Vita vya Korea vilisimama Julai 1953 tu, wiki chache kabla. Chama cha kikomunisti cha Tudeh kilikuwa na nguvu barabarani na wanachama wake jeshini, na Iran ilipakana na Urusi ya Kisovieti, ambayo majeshi yake chini ya Stalin yalilazimika kusukumwa ili yatoke kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1946. Mossadegh naye alikuwa ameanza kukanyaga sheria. Agosti hiyohiyo ya 1953 aliitisha kura ya maoni ya kulivunja bunge, vituo vya "ndiyo" mbali na vituo vya "hapana", kila mtu akionekana anakokwenda, na matokeo yakawa zaidi ya asilimia 99. Tena, fedha za majasusi peke yake haziangushi serikali. Majenerali walikuwa Wairani, wafanyabiashara waliochoshwa na uchumi kukwama walikuwa Wairani, na baadhi ya wanazuoni wakubwa, akiwemo Ayatollah Kashani aliyekuwa mshirika wake hapo mwanzo, walishamgeuka.

Yote hayo nayakubali, na bado hukumu yangu haibadiliki. Nyumba ikiwa na nyufa, jirani hapati ruhusa ya kuja kuibomoa usiku. Wairani walikuwa na haki ya kugombana na Mossadegh wenyewe na kumtoa kwa mikono yao. Wakanyimwa. Na walipokuja kumtoa Shah, wazalendo wa mrengo wa Mossadegh walikuwa wamedhoofishwa kwa robo karne ya magereza, na mahali penye sauti iliyosikika nchi nzima palikuwa msikitini.

Sasa 1979. Shah aliondoka Januari, Ayatollah Khomeini, kiongozi wa mapinduzi, akarejea Februari mosi. Oktoba 22 Rais Carter alimruhusu Shah, mgonjwa wa saratani, aingie New York kutibiwa. Washington waliliita jambo la huruma. Tehran waliona filamu waliyokwisha kuiona: mara ya mwisho mtu huyu alipokimbia nchi, CIA ilimrudisha. Novemba 4 wanafunzi wakaruka ukuta wa ubalozi wa Marekani.

Waliokuwa ndani walikuwa wanapitisha nyaraka kwenye mashine za kuchana karatasi. Wanafunzi waliokota zile nyuzi za karatasi, wakazitandaza, wakaanza kuziunganisha utepe kwa utepe, herufi kwa herufi, hadi barua zikasomeka tena. Zilichapishwa makumi ya juzuu. Ukimtafakari kijana anayeinama siku nzima juu ya nyuzi za karatasi, utapima uzito wa shaka aliyokuwa nayo.

Lakini kuelewa si kuhalalisha. Mjumbe hauawi. Wahenga wetu walilijua hilo, na sira ya Mtume inalo. Mjumbe hafungwi kitambaa usoni na kutembezwa mbele ya kamera. Wamarekani 52 walikaa mateka siku 444, wengi wao watumishi na walinzi wasiohusika kabisa na 1953. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Iran Mei 1980. Na kuna jambo ambalo mashabiki wa utekaji ule hawapendi kulitaja: siku mbili tu baada ya ubalozi kutekwa, waziri mkuu Mehdi Bazargan, aliyekuwa mtu wa Mossadegh tangu siku za mafuta, alijiuzulu. Ukuta ulioangushwa siku ile ulimwangukia pia Mwirani mwenye msimamo wa kati.

Kuanzia hapo kila upande umekuwa ukiongeza marehemu kwenye daftari lake. Marekani inawahesabu wanajeshi wake 241 waliouawa Beirut Oktoba 1983, na inawalaumu wapiganaji waliosaidiwa na Iran. Iran inahesabu miaka minane ya vita na Saddam Hussein wa Iraq, ambaye Marekani ilimpa taarifa za kijasusi huku akitumia gesi ya sumu. Halafu kuna Julai 3, 1988. Ndege ya abiria namba 655 iliruka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai, safari isiyofika saa nzima, ya watu wa biashara na familia. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Mombasa wanaijua Dubai ile. Manowari ya Marekani, Vincennes, iliyokuwa ikipigana na boti za Kiirani majini, iliidhania ndege ya kivita, ikaifyatulia makombora. Watu 290 walikufa, 66 wakiwa watoto. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 61.8 kwa familia bila kukiri kosa. Nahodha alikuwa ameshavishwa nishani kwa utumishi wake.

Nasema hilo kwa uchungu, na kwa uchungu uleule nasema la Januari 8, 2020. Siku tano baada ya Marekani kumuua Jenerali Qassem Soleimani wa Iran mjini Baghdad, walinzi wa mapinduzi wa Iran waliidungua ndege ya abiria ya Ukraine ikitoka Tehran. Watu 176, wengi wao Wairani, wakafa. Serikali yao ilikana kwa siku tatu. Waliojitokeza barabarani kupinga uongo ule hawakutumwa na CIA.

La nyuklia nitalipita upesi, maana ni mazao ya shamba hilihili. Julai 2015 mjini Vienna Iran ilikubali kutorutubisha urani kupita asilimia 3.67, kiwango kisichofaa kwa bomu, na wakaguzi wa kimataifa walithibitisha mara kwa mara kwamba inatimiza. Mei 2018 Rais Trump akaitoa Marekani kwenye mkataba. Juni 2025 ndege na makombora ya Marekani yakapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Wanaoutetea uamuzi wa 2018 wanasema mkataba uliyaacha makombora ya Iran na wanamgambo inaowaunga mkono Lebanon na Iraq bila kuguswa, na hilo ni kweli. Ila ulikuwa mkataba wa urani. Mwirani aliyekuwa akisema "tuzungumze nao" alidhalilishwa nyumbani kwake kwa mara nyingine, kama Bazargan.

Marekani imekiri kidogokidogo. Mwaka 2000 Madeleine Albright, waziri wa mambo ya nje, alikiri mkono wa nchi yake katika 1953, na Obama akalirudia Cairo mwaka 2009. Kwa upande wa pili, Jamhuri ya Kiislamu huitoa 1953 sandukuni kila inapotaka kuizungumzia Marekani, lakini mwenye msiba wenyewe, Mossadegh, haimtaki. Barabara ndefu inayoipasua Tehran kutoka kusini hadi kaskazini iliitwa Pahlavi enzi za Shah. Mapinduzi yalipofaulu watu wakaipa jina la Mossadegh. Halikudumu, ikawa Valiasr.

Mossadegh mwenyewe alifungwa miaka mitatu, kisha akazuiwa kutoka nyumbani kwake kijijini Ahmadabad hadi alipokufa Machi 5, 1967. Aliusia azikwe karibu na watu waliouawa Julai 1952 wakidai arudishwe madarakani. Shah alikataa, na Mossadegh akazikwa ndani ya nyumba yake. Machi 5, 1979, wiki chache baada ya mapinduzi, umati mkubwa ulifunga safari kwenda kijijini kumkumbuka. Hakuna serikali iliyomhamisha tangu hapo. Yuko palepale, chini ya sakafu ya chumba alichokuwa akilia chakula.