Mnara wa kilimani na simu ya sikioni

Jikoni kwa mama yangu mkubwa, kwenye bonde moja la Rungwe ambako migomba na chai vimesongamana, kuna msumari mmoja karibu na dirisha. Simu yake hutundikwa pale kwa kamba, maana ndipo mtandao unaposhika. Akipigiwa anaitoa, anaibana sikioni na kuongea akiwa ameegemea ukuta, huku sauti ikikatika na kurudi. Ikifika jioni betri imekwisha, na ukiishika ile simu kwa nyuma utadhani kiazi kilichotoka jivuni.

Kijijini kwake uliitishwa mkutano kuhusu mnara wa simu unaotakiwa kujengwa kilimani, na watu wakagawanyika. Wapo waliosema wamechoka kupanda mlima usiku ili kumwita bodaboda mjamzito anapozidiwa. Wengine walisema mnara utawaletea kansa, na mama mkubwa alikuwa upande wao. "Mionzi si ndiyo ile wanayowachoma nayo wagonjwa wa kansa? Leo mnaileta juu ya shamba langu?"

Swali lake halistahili kuchekwa. Lugha yetu imefunga vitu vingi ndani ya neno moja. Mionzi ni jua, mionzi ni eksirei, mionzi ni tiba ya kansa ya hospitali ya Ocean Road, na mionzi ni mawimbi ya simu. Vyote ni vya ukoo mmoja kweli, ila nguvu zake zimepishana mno. Eksirei inaweza kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na kukata vinasaba ndani ya seli, na ndiyo maana mpigaji picha hospitalini husimama nyuma ya ukuta. Kila chembe ya nishati inayotoka kwenye simu iko chini ya hapo kwa zaidi ya mara milioni moja. Kuziongeza wingi hakusaidii. Ukuta wa tofali ukiumwagia mchanga siku nzima, zile punje hazigeuki kuwa nyundo.

Kinachokubalika bila ubishi ni joto. Mawimbi haya hutikisa molekuli za maji mwilini na kuzipasha moto kidogo. Viwango vya kimataifa vimewekwa kuzuia joto hilo: kwa kichwa, nyama ya mwili isipokee zaidi ya wati 2 kwa kila kilo, na Marekani wameshusha hadi 1.6.

Wengi wanaotetea simu huishia hapo, nami naona wanaishia mapema. Mwaka 2011 Nora Volkow na wenzake nchini Marekani waliwawekea watu 47 simu masikioni kwa dakika 50, kisha wakapima ubongo. Sehemu iliyo karibu na antena ilitumia sukari zaidi, kwa takriban asilimia 7. Hayo si madhara, lakini yanaonyesha kwamba seli zilihisi kitu. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Henry Lai na Narendra Singh wa Chuo Kikuu cha Washington waliripoti kuona vinasaba vilivyokatika kwenye ubongo wa panya waliopigwa mawimbi ya jamii hiyo. Kama ni kweli, hesabu ya mchanga na nyundo haitoshi, na lazima iwepo njia nyingine ya kuumiza seli.

Tatizo ni kwamba wengine waliorudia jaribio hilo hawakuona mkatiko huo. Hali hiyo imejirudia kwa miaka mingi: maabara moja inapata, nyingine haipati. Tena baadhi ya majaribio ya aina hii hufanywa kwa seli zilizo kwenye kisahani cha kioo, ambako hakuna damu inayopita kubeba joto na kulitawanya kama inavyofanya kwenye shavu la mama mkubwa.

Utafiti uliowatia watu hofu kubwa ni ule wa serikali ya Marekani uliokamilika mwaka 2018. Panya walipigwa mawimbi mwili mzima kwa saa 9 kila siku, kwa miaka miwili. Baadhi ya madume walipata uvimbe wa saratani kwenye moyo, na watafiti waliuita ushahidi wa wazi. Ila madume hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuguswa na mawimbi! Mtu akikusomea nusu ya matokeo hayo, iwe nusu ipi, amekupotosha.

Kwa binadamu, utafiti wa Interphone uliofanyika katika nchi 13 na kutolewa mwaka 2010 haukuona ongezeko la saratani ya ubongo kwa watumiaji kwa ujumla. Waliosema wameongea kwa zaidi ya saa 1,640 walionekana kuwa na hatari iliyoongezeka kwa asilimia 40. Hata hivyo saa hizo zilitokana na kumbukumbu zao wenyewe, na mgonjwa anayetafuta chanzo cha ugonjwa wake hukumbuka tofauti na mtu mwenye afya. Kutokana na ushahidi kama huo, mwaka 2011 IARC, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, iliyaweka mawimbi haya kundi 2B, yaani huenda yanasababisha saratani. Dondoo la jani zima la aloe vera limo kundi hilohilo. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yalipima tafiti 63 na hayakuona uhusiano na saratani ya ubongo.

Mimi mizani yangu imelalia upande wa usalama, na nitaiacha hapo hadi kitu kipya kiisogeze. Saratani ya ubongo ingekuwa imepanda sana huko Denmark na Sweden, ambako simu zimetumika kwa miongo mingi, na haikupanda hivyo.

Ninachotaka mama mkubwa akione ni kile kilichoko kwenye ule msumari. Simu hurekebisha nguvu yake kufuatana na mtandao. Mnara ukiwa karibu, inanong'ona. Ukiwa mbali, nyuma ya mlima, inapiga kelele ili isikike, ndiyo sababu mojawapo ya betri yake kuisha upesi. Mawimbi ya mnara hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali nao, lakini simu imegusa ngozi. Kwa hiyo anayeongea sana na simu bondeni, akiukataa mnara wa kilimani, kichwa chake kitapokea mawimbi mengi zaidi, si machache. Akitaka tahadhari, na si kosa kuitaka, atumie spika au aandike ujumbe, na wajukuu wasilale na simu chini ya mto.

Upande wake una hoja moja ambayo pale mkutanoni haikujibiwa. Mzee mmoja aliuliza, "Nani atakuja kupima, na tutaambiwa lini?" Aliyeleta ramani ya mnara akasema utaratibu upo, akafunga faili. Utaratibu upo kweli: Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, hupima mionzi ya minara. Lakini ule mkutano haukuambiwa jina la tume hiyo, wala namba itakayosomwa, wala kiwango cha kuilinganisha nacho. Kipimo kifanyike pale penye uwanja wa shule, mnara ukishawashwa, na mzee yule awe amesimama kando ya kifaa.