Kifaru wa muhugu kwenye begi la mtalii

Ingia duka la vinyago kati ya Malindi na Watamu, umnuse kifaru mmoja. Ukipata harufu tamu inayokaribia ya msandali, huyo amechongwa kwa mti uitwao muhugu. Na muhugu hukua polepole mno. Mtalii ameshinda asubuhi nzima katika msitu wa Arabuko-Sokoke akimvizia sange wa kiuno cha manjano, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, jioni ananunua kipande cha msitu uleule na kukifunga kwenye gazeti.

Watu wetu wakizungumzia ukataji miti, wa kwanza kulaumiwa ni mama mwenye mzigo wa kuni. Mimi naona tunamwonea. Mzigo wake ni wa kupikia leo. Starehe ya wageni ndiyo haijawahi kuulizwa inakula miti mingapi, kwa kuwa inaingia na dola na inavaa kofia ya "uhifadhi".

Msitu huu, wa takriban kilomita za mraba 420, ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Ulitangazwa hifadhi mwaka 1943. Tangazo halikuzuia shoka.

Upande wa bahari mambo ni hayohayo. Boriti za mikoko zilisafiri na majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kumbe soko lilikuwa limeshahamia nyumbani: hoteli nazo zinataka boriti chini ya makuti, zipendeze kwenye picha. Tena mwaka 2024 wenzetu wa Uyombo, Kilifi, jirani kabisa na mikoko ya hori la Mida, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia huko. Nawaunga mkono, ingawa najua baadhi yetu tuliopiga kelele tunalala chini ya boriti zizo hizo.

Si kwamba msitu hauwezi kulisha watu ukiwa umesimama. Tangu 1993, pale Gede, wakulima wanafuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Mti haukatwi, kwani kiwavi anataka majani.

Wachongaji nao walishahimizwa watumie mwarobaini, unaokua haraka. Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja mbona hana. "Mzungu anapima kwa mkono," akaniambia. "Kikiwa chepesi anaona nimemwibia."

Nyumbani nina twiga wa mwarobaini. Fundi hakuukausha mti vya kutosha, shingo imepasuka. Nimeifunga kwa uzi wa nyavu.