Duka la maua liandike kabla msimu haujafika

Kila mwaka ikifika tarehe 12 Februari naona kitu kilekile, maduka ya maua ya hapa Mombasa yanaamka yote kwa pamoja, picha ya waridi jekundu, moyo, "karibuni tunaleta mpaka mlangoni", namba ya simu, basi. Tarehe 15 kimya, mpaka Siku ya Mama mwezi wa tano. Mi naandikia duka la mamangu huu mwaka wa nne na hii tabia inaniuma kwelikweli, kwa sababu mtu anayenunua maua tarehe 14 ashaamua kitambo atanunua kwa nani, na wewe ndio kwanza unamwita wakati yeye yuko njiani kwenda kwa mwingine.

Maoni yangu ni haya, duka la maua liandike mwaka mzima, liandike kwa kufuata misimu, na iwe misimu yetu sisi.

Nasema yetu kwa sababu mwaka wa kwanza tulimlipa mtu wa matangazo atutengenezee kalenda ya posti za miezi 12. Ikaja imepangwa vizuri sana, ila mwezi wa tatu imeandikwa maua ya spring na mwezi wa kumi rangi za majani yanayopukutika. Yapukutike wapi? Mwezi wa tatu hapa ni kaskazi inaishia, joto limejaa nyumba, waridi uliloliweka karibu na dirisha asubuhi likiwa tumba, saa tisa mchana lishafunguka lote na kesho linaanza kulegea. Sasa hiyo ndio habari anayoitaka mtu wa Kisauni au Likoni. Mwambie akate shina kwa mshazari, atoe majani yote yatakayozama kwenye maji, abadilishe maji kila siku si kila akikumbuka, na aliweke mbali na jua na mbali na sahani ya matunda maana ndizi na maembe yakiiva yanatoa hewa inayozeesha maua haraka. Tuliandika hivo tu, bila bei, bila ofa, na kuna wateja wanakuja dukani mpaka leo wanasema mimi ni yule wa maji ya kila siku.

Halafu kuna harusi, na hapa ndipo kalenda za kununua zinapotupoteza kabisa. Harusi nyingi za hapa mjini zinajazana Shaaban kabla ya mfungo, kisha zinarudi baada ya Idi, na hiyo haikai tarehe moja, kila mwaka inasogea nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka huu wa 2026 Ramadhani iliingia siku chache tu baada ya Valentine, kwa hiyo wiki zilezile tulikuwa na watu wa shada moja la mpenzi na watu wa kupamba ukumbi mzima, na maua ni yaleyale yanayopanda basi la usiku kutoka Nairobi, karibu kilomita 480. Mwakani Ramadhani inatarajiwa kuanza kama tarehe 8 Februari, yaani Valentine itatukuta tumefunga! Maanake harusi zitabanana Januari, na huyo wa Valentine pengine atataka maua yafike jioni pamoja na futari. Duka lenye kuandika lingeanza kuwaambia watu mapema, wekeni oda, tarehe zimebana. Sioni wa kufanya hivo.

Bei pia iandikwe. Februari waridi jekundu linapanda na mteja anaona tumemuonea, kumbe mashamba ya Naivasha wanapogoa miti Desemba ili ichanue pamoja kuwahi soko la Ulaya, na yanayobaki kwa soko la hapa yanagombaniwa. Mweleze mtu hayo Januari, mwambie la njano au la pichi linakaa vilevile na mfuko unapumua, atakuamini. Ukimueleza tarehe 14 kaunta ikiwa imejaa ataona unajitetea.

Masika nayo ina yake, unyevu unaleta madoa ya kahawia kwenye petali, tunachambua ndoo nzima tunatupa. Siku ya Mama inaangukia humohumo kwenye mvua. Basi.

Lakini posti iliyosomwa kuliko zote haikuwa ya waridi. Ilikuwa ya kikuba, kile kishada kidogo cha maua na majani ya kunukia anachovaa bibi harusi. Niliandika vile mama anavyofanya, asumini inachumwa alasiri ikiwa bado tumba kwa sababu inafunguka usiku, kisha inafungwa pamoja na rehani na mkadi, kilua kikipatikana kinatiwa, ili bibi harusi akikaa ukumbini harufu ndio inaamka. Nikaeleza kwa nini huwezi kuagiza kikuba cha jana. Watu wakaituma kwa dada zao Dubai, Muscat, London, wakaanza kutuandikia bibi zao walikuwa wakitia nini ndani, wengine wakabishana kuhusu mkadi, na mwezi ule oda za vikuba zilizidi mashada ya waridi. Sikutumia pesa hata kidogo kutangaza. Hayo ni maarifa ambayo mama anayo kichwani, hayako kwenye kalenda ya mtu, na kila mwenye duka la maua pwani hii ana ya kwake amekaa nayo kimya, inasikitisha.

Namna yangu ni kumrekodi kwa simu akiwa anafunga maua, kisha naandika alivosema karibu neno kwa neno, wiki sita au nane kabla ya msimu wenyewe. Kwa harusi hata miezi miwili ni michache.

Kwa hiyo ya Shaaban ijayo naiweka mwanzoni mwa Novemba hii. Mama ashaanza kunipa maneno, anataka nianze kwa kuwaambia mabibi harusi wahesabu kwanza vikuba vyao ni vingapi, ndio waje kwenye rangi ya waridi, kwa sababu waridi likipungua tunapiga simu Nairobi linapanda basi, asumini ikipungua hakuna pa kupiga.