Nenda Chuoni Mwezi Juni, Usisubiri Maonesho

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mazungumzo majumbani huwa yale yale: kozi gani, mkopo utapatikana, chuo gani kina jina. Ni wachache wanaomuuliza kijana kama amewahi kukanyaga chuo anachokiomba. Anajaza maombi kwa kufuata mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na sifa za kusikia, kisha anakiona chuo kwa mara ya kwanza siku ya kuripoti, mabegi mkononi. Huko ndiko atakakoishi miaka mitatu, minne au mitano. Mimi nasema aende kwanza akakione.

Wengi huridhika na Maonesho ya Elimu ya Juu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Yana faida, maana unakutana na maofisa udahili wa vyuo vingi mahali pamoja. Ila bandani kila chuo kimevaa nguo za sikukuu. Umbali wa hosteli huuoni, wala foleni ya chakula, wala maabara yenyewe.

Muda mzuri ni Juni. Mitihani imeisha Mei, matokeo mara nyingi hutoka Julai, na katikati hapo vyuo vingi viko muhula wa pili, wanafunzi wamejaa. Ukisubiri Agosti utakuta likizo, na chuo kitupu hakikuambii kitu. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wana nafasi finyu. Kwao naona ni halali kabisa dada au mzazi aende kwa niaba yao.

Ukifika, zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi unayoitaka, kabla hata ya kwenda ofisini. Muulize somo gani linawapa watu sapu (mtihani wa marudio), na waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli) walikwama wapi. Muulize analala wapi. Hili la malazi nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndilo linalowachosha wengi mwaka wa kwanza. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na bado utawakuta wanaobebana kitanda kimoja, au waliopanga geto, yaani chumba cha mtaani, Changanyikeni na Sinza. Tembea mwenyewe kutoka geto hadi darasani. Msichana aulize pia njia hiyo ikoje saa tatu usiku, akitoka maktaba.

Halafu hakikisha unatembelea kampasi yako hasa. Mtu anaomba SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, akiwaza majengo yaliyo chini ya milima ya Uluguru, kumbe kozi yake inafundishwa Mazimbu, ilipokuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, kilomita kadhaa kutoka kampasi kuu. Chuo cha afya cha Muhimbili kina kampasi ya Upanga, na kina ya Mloganzila kule njia ya Kibaha. Chuo Kikuu cha Dodoma ni kimoja, lakini ndaki zake (vitengo vyake vya masomo) zimetawanyika vilimani, na jua la kule si la kuchezea.

Najua nauli ya kutoka Kigoma au Bukoba inauma. Kwa familia ya mbali, chuo kimoja kinatosha, kile kilicho juu kwenye orodha. Vingine mtume ndugu au kijana wa jirani anayesoma huko akupigie picha za video. Faida utaiona ukichaguliwa vyuo viwili na kutakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya siku chache.

Na shule zetu zisaidie. Kila mwaka mabasi ya wanafunzi kutoka Dar es Salaam huenda Mikumi kuona wanyama, na yote hupita Morogoro. Kusimama SUA kwa muda wa saa mbili tu, kwa mpango uliofanywa mapema na chuo, hakuongezi hata siku moja kwenye safari hiyo. Walimu wa taaluma, liwekeni kwenye ratiba ya mwaka huu.