Windows 11 na Printa ya Saiba: Nani Ahame, Nani Angoje?

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kimekuwa gumzo kwa wanaotafuta kompyuta za mitumba mjini Kisumu. HP EliteBook 840 G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita; G5 kwa kawaida ina ya kizazi cha nane. Kwa mtu wa kuandika barua na kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, zote mbili zinamaliza kazi ile ile. Lakini Windows 11 inaipokea rasmi ya pili na kuikataa ya kwanza. Na usikimbilie kibandiko: baadhi ya G5 zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha saba. Kinachosema kweli ni jina la prosesa yenyewe, kwa hiyo i5-8350U inapita na i5-7300U haipiti. Muuzaji akikwambia "hii ni G5, usiwe na wasiwasi," mwambie aiwashe muone.

Masharti mengine ya Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, yanajulikana: RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, Secure Boot, yaani kinga inayozuia programu zisizoaminika kompyuta inapowaka, na TPM 2.0, yaani kijisehemu kinachotunza funguo za siri ndani ya kompyuta. Hayo ndiyo yanayozungumzwa sana, na ndiyo rahisi zaidi kupata jibu lake. Programu ya bure ya Microsoft, PC Health Check, inakwambia kwa dakika chache kama umepita. Mara nyingine "hapana" yake inatokana na TPM iliyozimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, na fundi anaiwasha bila kukuuzia kipuri chochote. Wapo wanaohimiza kila mtu ahame leo, wapo wanaoapa kwamba kompyuta inayofanya kazi haiguswi, na wote wanabishana kuhusu kompyuta. Mimi naona hasara kubwa inanyemelea kutoka kwa vitu vilivyochomekwa nyuma yake.

Chukua saiba ya kawaida kule Kondele au karibu na soko la Kibuye. Kinacholipa kodi ya chumba ni printa. Mteja anatuma CV kwa WhatsApp, inachapishwa, analipa, anaenda zake. Kompyuta ikisuasua dakika mbili atavumilia. Printa ikigoma anavuka barabara kwa jirani. Sasa, printa nyingi za leza za bei nafuu za miaka iliyopita zilitengenezwa bila uwezo wa kuuelewa ukurasa zenyewe. Kompyuta ndiyo inayouandaa ukurasa wote, nukta kwa nukta, na printa inazipokea nukta hizo na kuzipiga kwenye karatasi. Bila draiva yake mahsusi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea nayo, printa ya aina hiyo ni kasha tu. Ile inayoelewa lugha ya PCL au PostScript ina nafuu, maana draiva ya jumla mara nyingi huitosha. Ukizitazama kwa nje huwezi kujua ipi ni ipi. Inabidi uende tovuti ya mtengenezaji usome sifa zake, na papo hapo uangalie kama draiva ya Windows 11 ipo au orodha inakomea Windows 7.

Kuna na suala la biti, yaani ukubwa wa vipande vya data ambavyo mfumo unavishughulikia kwa mara moja. Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake, ilhali kompyuta za RAM ndogo zimekuwa zikiendesha Windows 10 ya biti 32 miaka yote hii bila mwenyewe kujua. Programu za kawaida za biti 32 zinaendelea kufanya kazi kwenye mfumo mpya. Draiva za biti 32 hazifanyi, hata kwa dawa. Tena kutoka 32 kwenda 64 hakuna kupandishwa tu: diski inafutwa, kila kitu kinawekwa upya, na ile programu ya stoo ambayo CD yake ilipotea zamani inaondoka moja kwa moja. Zile za biti 16, za enzi za Windows 95, ambazo Windows ya biti 32 ilikuwa bado inaweza kuzibeba, zinafia hapo. Walio nazo si wengi, ila aliye nayo huwa ameweka humo hesabu za miaka mingi.

Kwa hiyo wanaokaa walipo hawana ukaidi wa bure. Microsoft yenyewe ilitangaza mwaka 2023 kwamba itapunguza hatua kwa hatua draiva za printa za watengenezaji zinazopitia Windows Update. Zilizopo hazijafutwa, lakini mwenye printa kuukuu ameshaelezwa upepo unakovuma.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonishinda kuimeza. Wanasema: masasisho tulishayazima zamani ili yasile bando, na bado tupo. Ni kweli, wengi waliyazima. Ila tukumbuke WannaCry, kirusi kilichopenya kupitia pengo la Windows na kudai fidia. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba pengo hilo tarehe 14 Machi 2017. Kirusi kikalipuka tarehe 12 Mei mwaka huo huo, kikafunga kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Nyingi ya zilizopigwa zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo bado ulikuwa ukihudumiwa. Kiraka kilikuwepo karibu miezi miwili na wenyewe hawakukiweka. Habari hiyo inakata pande zote mbili: kuhamia mfumo mpya kisha kuzima masasisho ni kazi bure, na kubaki kwenye mfumo usiotolewa viraka ni kuondoa hata ile nafasi ya kujiokoa. Wengine wanajifariji kwamba Defender, kinga ya virusi ya Windows, itaendelea kupata taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Itaendelea, naam, lakini kazi yake ni kumtambua mwizi aliyekwisha kujulikana. Pengo lenyewe haiwezi kuliziba.

Na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu saiba ile ile ambayo printa yake inaisihi ibaki ndiyo iliyo na sababu nzito kuliko zote za kuhama. Fungua folda ya vilivyopakuliwa kwenye kompyuta ya kaunta: nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, PIN za KRA (mamlaka ya kodi), fomu za HELB (mikopo ya wanafunzi) zenye namba za wazazi. Flashi za watu zinaingia na kutoka kutwa nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimsamehe mtu kwa kuwa duka lake ni dogo. Mwanafunzi wa Maseno mwenye laptopu moja ya kuandikia kazi za darasa hana printa ya kuogopea wala vitambulisho vya watu mia. Akihama leo au akihama mwaka ujao, tofauti ni ndogo.

Kuna daraja la kati. Kwa watu binafsi, Microsoft ilitoa mwaka mmoja zaidi wa viraka, hadi 13 Oktoba 2026, bure kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa dola 30. Kwa biashara bei rasmi ni nyingine: dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, kisha inakuwa maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Ukiwa na kompyuta sita za kizazi cha sita, piga hesabu ya miaka yote mitatu uone kama hutakuwa unalipia viraka kwa pesa za kununulia mashine. Mwaka wa kwanza naukubali. Wa pili, sidhani.

Halafu kuna njia ya panya. Programu ya Rufus inaandaa flashi ya Windows 11 isiyouliza habari za TPM wala prosesa, na mafundi wanaifahamu vizuri. Kwenye G3 yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, mfumo unakwenda vizuri tu, siwezi kusema vinginevyo. Tatizo ni kwamba Microsoft imeandika wazi kuwa mashine kama hizo hazina haki ya kupata masasisho. Viraka vya kila mwezi vimekuwa vikiingia, lakini toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Lazima urudi kwa fundi na flashi. Na mlango unaweza kufungwa kabisa: toleo la 24H2, la mwaka 2024, linadai amri za prosesa ambazo Core 2 Duo hazina, na huko hakuna ujanja unaosaidia. Kwa laptopu ya mwanafunzi nasema sawa, ajaribu. Kwa kompyuta ya kaunta inayolisha watu ni pata potea.

Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, je? Linux Mint 22 itahudumiwa hadi 2029, haina bei, na kompyuta ambayo Windows 11 imeikataa inaibeba bila kulalamika. Kwa chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, ambako wanafunzi wanajifunza kuandika na kutafuta habari, ningeichagua kabla ya kingine chochote. Kwa saiba ningesita. CV iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inaweza kusogea mistari, na mteja hajali sababu. Fomu za KRA za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, nazo zinataka Excel halisi, na Juni, mwezi wa mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, ndio msimu wa mavuno. Printa nyingi za HP zinakubali Linux bila ugomvi. Baadhi ya Canon za bei nafuu zitakukeshesha.

Msimamo wangu ni kwamba kompyuta ya kaunta ihame, lakini kwa namna ambayo unaweza kurudi kesho asubuhi. Windows inakuruhusu kurudi ulikotoka ndani ya siku 10 baada ya kupandishwa, ila hilo linategemea mfumo ule ule unaoushuku. Afadhali ununue SSD, uichomoe diski ya zamani, uweke Windows 11 kwenye hiyo mpya, na ile ya zamani uifungie kwenye droo kama ilivyo. Siku ya kwanza chapisha kurasa, skani kitambulisho, fungua fomu ya KRA, jaribu programu ya hesabu. Kimoja kikigoma, unarudisha diski ya zamani na biashara inaendelea huku ukitafuta draiva. Flashi moja inatosha kompyuta zote, kwa hiyo zile GB kadhaa za kupakua unazilipia mara moja tu. Kazi yenyewe ifanywe kwenye mashine yenye betri au UPS, maana stima ya kwetu haipigi hodi ikiondoka.

Kabla fundi hajaanza, fungua akaunti ya Microsoft ya biashara yako mwenyewe. Toleo la 24H2, likisakinishwa upya na kuingiwa kwa akaunti hiyo, huifunga diski lenyewe kwa ufunguo wa siri kwenye mashine zinazotimiza masharti, na ufunguo wa kuifungulia unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Fundi akitumia barua pepe yake ili amalize haraka, ufunguo wa diski yako uko kwake. Siku ubao wa kompyuta utakapoungua na ukataka kusoma diski hiyo kwenye mashine nyingine, utaulizwa tarakimu 48, na utaanza kumtafuta mtu ambaye pengine alishahamia Eldoret. Zitoe tarakimu hizo siku ile ile, uzichapishe, uziweke pamoja na leseni ya kaunti.