Sindano za Kichina na kiuno sugu: namba inayorukwa

Mwaka 2009 taasisi ya NICE, inayoandika miongozo ya matibabu Uingereza, iliruhusu watu wenye maumivu ya kiuno yasiyoisha wapewe akupancha, yaani sindano za Kichina, hadi mara 10. Mwaka 2016 ikageuka: wasipewe. Ujerumani ilikwisha kuamua mwaka 2006 kwamba mifuko ya bima ya afya ilipie. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilianza kulipa Januari 2020: mara 12 ndani ya siku 90, na 8 zaidi kwa anayepata nafuu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani nalo likazitaja sindano hizo, kwa masharti, kati ya tiba zinazofaa kutolewa. Wakubwa hawa wana ushahidi unaokaribiana mezani. Ugomvi wao ni juu ya sindano ishindanishwe na nani.

Anayepinga ana hoja nzito. Utafiti wa Ujerumani uitwao GERAC, uliochapishwa mwaka 2007, uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,162 walioumwa kiuno kwa wastani wa miaka 8. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye nukta za jadi za Kichina. La pili lilichomwa juujuu, mahali ambapo Wachina wenyewe hawatambui nukta yoyote. La tatu lilipata matibabu ya kawaida: dawa, fiziotherapia, mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya kuhesabika walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano za kweli, 44.2 kwa za uongo na 27.4 kwa matibabu ya kawaida.

Mpinzani husoma namba mbili za mwanzo na kufunga jalada. Tena ana nyingine ya kuongezea: mwaka 2009 Daniel Cherkin na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watu 638 ambamo kundi moja halikuchomwa kabisa. Waliguswa tu ngozi kwa kijiti cha kuchokolea meno kilichopitishwa kwenye kimrija cha sindano, na nafuu yao ikalingana na ya waliochomwa. Kama kijiti kinatosha, zile njia za nishati zinazochorwa mwilini kwenye mabango ya kliniki ziko wapi? Hazipo. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 33, hayakuona tofauti ya maana kati ya sindano za kweli na za uongo. Hapo sina ubishi.

Lakini namba ya tatu inarukwa kana kwamba imewekwa pale kujaza jedwali. Asilimia 27.4. Maana yake ni kwamba karibu watu watatu kati ya kila wanne waliotibiwa kwa njia tunazozisifu kuwa za kisayansi hawakupata nafuu ya kuhesabika, na hii ni Ujerumani, yenye madaktari, vifaa na bima. Sindano ya uongo iliyashinda matibabu hayo kwa zaidi ya mara moja na nusu. Ukiniuliza ni nani aliyeaibika katika utafiti ule, sitaanza na Mchina.

Namba hiyo nayo ina doa. Watu wa kundi la tatu walijua kwamba hawakupewa sindano. Mtu aliyejiandikisha kwa tamaa ya kitu kipya, kisha akarudishiwa vidonge na mazoezi anayoyajua, anaweza kujaza dodoso kwa kinyongo. Basi sehemu ya pengo la asilimia 20 kati ya sindano za kweli na matibabu ya kawaida huenda ni kukata tamaa kwao. Tulikate nusu, kwa ukali. Wanabaki wagonjwa 10 katika kila 100 walionufaika zaidi kwa kulala nusu saa, kuguswa na kushughulikiwa na daktari asiye na haraka. Kwa mtu aliyeteseka miaka 8, hilo si dogo.

Kuna upendeleo pia katika kipimo chenyewe. Mwongozo ule ule wa NICE uliozikataa sindano mwaka 2016 ulipendekeza mazoezi ya vikundi. Nani amewahi kubuni mazoezi ya uongo? Huwezi kumnyoosha mtu mgongo asijue kama amenyooshwa. Sindano imepewa mtihani ambao mazoezi hayajaufanya kwa ukali ule, kisha ikaambiwa imefeli. Simaanishi mazoezi yaachwe. Nasema mizani iwe moja.

Na kwetu Afrika Mashariki mshindani halisi wa sindano ni nani? Fiziotherapia ya kila wiki wanaipata wachache. Wengi wanameza diklofenaki, kidonge cha maumivu, ya duka la dawa, mwezi hadi mwezi, hata wenye presha, bila mtu wa kuwaangalia figo wala vidonda vya tumbo. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na sindano zao walikuja nazo; pwani, ambako watu waliumikwa chuku tangu enzi za mababu, hazikumshtua mtu. Sisemi bima zetu zianze kuzilipia kesho. Mfuko wenye fedha kidogo una haki ya kuweka fiziotherapia mbele. Ila daktari anayemcheka mgonjwa kwa kwenda kuchomwa sindano, kisha akamwandikia diklofenaki nyingine, hajaweka wazi sayansi yake inasimama wapi.

Sharti nisilolegeza ni kupimwa kwanza. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu, nacho huanza kama kiuno cha kawaida. Mwenye miguu inayolegea au kufa ganzi, mkojo unaoziba au kuvuja, homa za jioni au mwili unaokonda bila sababu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Aliyepimwa akaonekana hana hayo, na atake kujaribu, adai sindano mpya zifunguliwe mbele yake, na akubaliane na mtibabu tangu mwanzo ni mara ngapi. Medicare wameliandika hili kwenye kanuni zao: mgonjwa asipoonyesha nafuu, tiba inasimamishwa.