Amevuka! Amevuka wapi?

Wazazi wa Moshi, hebu tusomeane ripoti ya mtoto. Hisabati 8 kwa 100. Kiswahili 17. Nafasi: wa pili kutoka mkiani. Maoni ya mwalimu: "Ajitahidi." Halafu chini, muhuri umekolea wino: AMEVUKA, darasa la sita. Amevuka nini, barabara? Huyu ukimtuma soko la Mbuyuni na elfu tano, chenji anaamua muuza nyanya! Upimaji wa darasa la nne ulipita, naye akapita (sijui kwa mlango upi). Hata mtalii na dola zake, akipanda Mlima Kilimanjaro, hatoki kambi ya Mandara akaibukia ya Kibo bila kupitia ya Horombo katikati. Mwalimu mkuu ukimuuliza, anacheka: "Mama, madawati hayatoshi, nyuma wanakuja wengine." Kwa hiyo tunavusha watoto au tunahamisha viti? Na siku ya mtihani wa taifa, muhuri huo ataingia nao?